Mafuta ya mimea kwenye chakula cha kuku wa nyama: yapi, kiasi gani, na yachanganywe vipi

Kilo moja ya mahindi humpa kuku wa nyama takriban kilokalori 3,350 za nishati. Kilo moja ya mafuta ya alizeti au ya soya humpa kama 8,800. Ndiyo maana mafuta huwekwa kwenye chakula. Kuku wa kisasa anahitaji chakula chenye kilokalori 3,000 hadi 3,200 kwa kilo, na mahindi, mashudu na madini peke yake huishia karibu 2,900. Mafuta ndiyo yanayoziba pengo hilo.

Lakini mafuta hayana protini, hayana kalsiamu, hayana lisini wala methionini, ambazo ni asidi amino zinazojenga protini. Anayeyamimina kwenye chakula bila kugusa kitu kingine anaongeza nishati na wakati huohuo anapunguza virutubisho vingine vyote. Isitoshe, kuku hula mpaka atosheke nishati, kisha huacha. Chakula kikiwa kizito kwa nishati anakula kidogo, na protini anayopata inapungua kwa sababu zote mbili. Hasara nyingi zinazosingiziwa mafuta zinaanzia hapo.

Chagua mafuta yanayomeng'enyeka

Mafuta yanayobaki kimiminika muda wote, kama ya alizeti, soya na mahindi, humeng'enywa vizuri na kuku wa umri wowote. Mawese yana mafuta mengi ya aina inayoganda, kwa hiyo kifaranga wa siku chache hawezi kuyatumia yote, maana nyongo na vimeng'enya vyake bado ni haba. Kuanzia wiki ya tatu mawese yanafaa, na yakichanganywa nusu kwa nusu na alizeti hufyonzwa vizuri kuliko yakiwa peke yake.

Kwa aliye Singida au Dodoma, mafuta ghafi ya alizeti kutoka mashine ndogo za kukamua ndiyo yaliyo karibu. Yanafaa, mradi yaachwe yatulie siku tatu hadi tano, yamiminwe taratibu, na mashapo yaliyobaki chini yasiingie kwenye chakula. Mashapo hubeba maji, na maji huharakisha kuchacha. Kwa aliye Kigoma, mawese ndiyo rahisi kupatikana. Wengi huyapenda kwa rangi yake wakitarajia kuku mwenye ngozi ya njano. Hawatampata: karotini ya mawese kuku huigeuza vitamini A, na rangi ya ngozi hutokana na zantofili, ambayo ipo kwenye mahindi ya njano.

Usitumie mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi au samaki. Yameungua, yamejaa mabaki ambayo kuku hawezi kuyatumia na yanayoumiza utumbo na ini. Usitumie kabisa mafuta ya nyonyo wala ya mbono kaburi. Na usinunue dumu lisilojulikana lilikotoka hata likiuzwa nusu bei. Mwaka 1999 nchini Ubelgiji, mafuta ya kutengenezea vyakula vya mifugo yalichanganyika na mafuta ya kiwandani yenye PCB, kemikali yenye sumu. Dioksini ikaingia kwenye kuku na mayai, na bidhaa zikaondolewa madukani. Sumu ya namna hiyo haina harufu ya kukutahadharisha, na hukaa kwenye mafuta ya kuku mpaka kwa mlaji.

Yapime kabla ya kulipa

Weka mafuta kidogo kwenye kijiko cha chuma, yapashe juu ya moto mdogo, kisha sikiliza na unuse. Yakipasukapasuka na kuruka, yana maji. Yakitoa harufu kali kama ya rangi ya mbao au njugu za zamani, yameanza kuchacha. Onja tone moja: mafuta mazima hayawashi koo wala hayaachi uchungu ulimini. Anayenunua mapipa mazima apeleke sampuli maabara: maji na uchafu visizidi asilimia 1, na kiwango cha peroksidi, yaani kipimo cha kuchacha, kisizidi 10. Kumbuka kwamba mafuta yaliyochacha sana yanaweza kuonyesha peroksidi ndogo kwa sababu zimekwisha kuvunjika. Pua yako bado ina kazi hata ukiwa na cheti.

Hifadhi mafuta kwenye chombo kilichojaa na kufungwa, mahali penye kivuli. Dumu lililobaki robo lina hewa nyingi kuliko mafuta, kwa hiyo hamishia mabaki kwenye chombo kidogo. Usitumie bomba wala koki ya shaba, kwa kuwa shaba huchochea kuchacha. Usiongeze mafuta mapya juu ya masalia ya zamani, kwa sababu masalia huambukiza mzigo mzima. Kwenye joto la pwani nunua ya wiki tatu au nne tu. Anayelazimika kukaa nayo zaidi aweke kizuia-kuchacha kiitwacho BHT, gramu 20 kwa kilo 100 za mafuta, siku ileile anayopokea mzigo. Ukikiweka baada ya mafuta kuharibika hakirudishi kitu.

Kiasi kwa umri

Siku 1 hadi 10, mafuta yasizidi asilimia 1, na kazi yake kubwa hapo ni kutuliza vumbi. Siku 11 hadi 21, asilimia 2. Kuanzia siku ya 22 hadi kuuza, asilimia 3 hadi 4. Asilimia 5 ni ukomo kwa chakula cha unga. Juu ya hapo chakula kinashikana, kinaganda kwenye vyombo vya kulishia, na mharo unakuwa wa mafuta. Usiruke kutoka sifuri hadi nne kwa siku moja. Changanya chakula cha zamani na kipya kwa siku tatu.

Pima kwa mzani, si kwa lita. Lita moja ya mafuta ina uzito wa takriban kilo 0.92, kwa hiyo dumu la lita 20 ni kilo 18.4. Anayehesabu lita kama kilo anakosa karibu kilo moja na nusu kwa kila dumu, kisha anashangaa kwa nini kuku hawafikii uzito.

Kabla ya kuongeza mafuta, angalia pia yale yaliyomo tayari. Mashudu ya alizeti kutoka mashine ndogo yanaweza kubaki na mafuta asilimia 8 au zaidi. Kilo 10 za mashudu hayo tayari ni gramu 800 za mafuta, na huwa yameanza kuzeeka kabla ya kufika kwako.

Mchanganyo wa kilo 100 za chakula cha kumalizia

Mahindi ya kusaga kilo 59.8, mashudu ya soya kilo 29.5, dagaa wa kusaga kilo 3, mafuta ya alizeti kilo 4, DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi) kilo 1.5, chokaa ya mifugo gramu 900, premiksi ya kuku wa nyama (mchanganyiko wa vitamini na madini) gramu 500, au kiasi kinachoandikwa kwenye mfuko, chumvi gramu 300, methionini gramu 200, kizuia sumukuvu gramu 200, lisini gramu 100.

Ukichukua mashudu ya soya kuwa na protini asilimia 44 na dagaa asilimia 55, chakula hiki kinatoa takriban kilokalori 3,090 kwa kilo na protini karibu asilimia 19.7. Dagaa wenye chumvi nyingi wakitumika, punguza chumvi ya kuongeza. Dagaa wenye mchanga hawafai, maana protini unayoihesabu haimo.

Hesabu ya kukaa nayo kichwani ni hii: kila kilo 1 ya mafuta inayochukua nafasi ya kilo 1 ya mahindi katika kilo 100 za chakula hupandisha nishati kwa kilokalori 54 hivi kwa kilo ya chakula, na hupunguza protini kwa asilimia 0.085. Kisha gawa nishati kwa protini. Kwenye mchanganyo huu ni 3,090 kwa 19.7, yaani 157. Kwa chakula cha kumalizia lenga 155 hadi 165. Kwa cha kuanzia uwiano uwe chini zaidi, karibu 130 hadi 137, kwa sababu kifaranga anajenga nyama na mifupa. Uwiano ukivuka 170 kwa kuku wa wiki nne, nishati ya ziada inageuka mafuta ya tumboni ambayo mteja anayatupa.

Zingatia chokaa. Kalsiamu ikizidi, hasa ukitumia mawese, inashikana na mafuta ndani ya utumbo na kutengeneza kitu kama sabuni. Kuku hakifyonzi, kinatoka na mharo, na umepoteza mafuta na kalsiamu kwa pamoja. Gramu 900 kwenye fomula hii zinatosha, kwa kuwa DCP na dagaa pia wana kalsiamu.

Ukitumia chakula cha dukani

Tuseme mfuko umeandikwa protini asilimia 18, na nishati yake ni 2,900. Uwiano ni 161. Ukimimina kilo 4 za mafuta juu ya kilo 100, sasa una kilo 104 zenye nishati 3,127 na protini 17.3. Uwiano umeruka hadi 181. Kuku watapendeza kwa kuangalia, lakini ukiwachinja kifua ni chembamba na tumbo limejaa mafuta.

Njia sahihi kwa kilo 100 za chakula hicho ni kilo 3 za mafuta pamoja na kilo 5 za mashudu ya soya. Unapata kilo 108 zenye nishati takriban 3,030 na protini 18.7, na uwiano unabaki 162. Kwa kuwa madini na vitamini vimepungua, ongeza premiksi na DCP kwa sehemu ileile iliyoongezeka, yaani asilimia 8 ya dozi ya kilo 100. Premiksi inayotumika gramu 500 kwa kilo 100 itaongezwa gramu 40, na DCP gramu 120.

Chakula cha tembe kutoka kiwandani usikimiminie mafuta nyumbani. Kiwanda kimekwisha kuyaweka, na wewe utailainisha tembe mpaka ivunjike.

Kuchanganya kwa mkono

1. Mawese yaliyoganda yayeyushe kwa kuweka dumu ndani ya maji ya moto, yafike nyuzi 50 hadi 60. Usiyaweke jikoni moja kwa moja, na usiyachome mpaka yawe meupe kama wengine wanavyofanya kwa mapishi. Hapo umeua vitamini zake na kuanzisha kuchacha.

2. Tandaza turubai safi. Changanya kwanza viambato vyote vikavu vya wingi, yaani mahindi, mashudu na dagaa, lakini tenga pembeni kilo 20 za mahindi.

3. Premiksi, methionini, lisini na kizuia sumukuvu vichanganye na kilo 2 za unga wa mahindi kutoka kwenye rundo kubwa, kisha uvisambaze kwenye rundo hilo pamoja na madini. Geuza kwa koleo mara tatu au nne. Vitamini zisigusane na mafuta yenyewe zikiwa peke yake, hasa ya moto, kwa sababu huharibika na hushikana kwenye mabonge.

4. Nyunyizia kilo 4 za mafuta kwenye zile kilo 20 za mahindi kidogo kidogo, kwa chupa iliyotobolewa kifuniko. Sugua kwa viganja mpaka mabonge yaishe, kisha pitisha kwenye chekecheke. Kinachobaki juu kisugue tena. Usikitupe, maana ndimo mafuta mengi yalimo.

5. Mahindi hayo yenye mafuta yamwage juu ya rundo kubwa kwa tabaka, kisha geuza tena mara nne au tano.

6. Chukua konzi moja kutoka pande nne tofauti, uweke juu ya karatasi nyeupe na ukandamize. Ukiona alama za mafuta zilizotawanyika sawasawa, umefanya vizuri. Madoa makubwa upande mmoja na karatasi kavu upande mwingine maana yake kuku wengine watakula mafuta na wengine mahindi matupu. Rudi hatua ya tano.

Kwa mashine ya mlalo, changanya vikavu kwanza kama dakika 3 hadi 5, kisha mimina mafuta taratibu mashine ikizunguka, na uiache izunguke dakika 3 hadi 5 nyingine. Mashine ya wima, ile yenye parafujo katikati, huhitaji muda mrefu zaidi, na haipendi mafuta zaidi ya asilimia 3, kwa kuwa hung'ang'ania ukutani na kwenye parafujo. Ukihitaji 4, tengeneza kwanza yale mahindi yenye mafuta kwa mkono. Kwangua kuta za mashine kila wiki. Ukoko ule uliochacha huingia kwenye kila mzigo unaofuata.

Chakula chenye mafuta kitumike ndani ya wiki mbili mahali pa joto, tatu penye baridi. Mifuko iwe juu ya mbao, mbali na ukuta na jua. Weka pembeni chupa ndogo ya kila dumu la mafuta na fungu la kila mchanganyo, ukiandika tarehe. Tatizo likitokea utakuwa na cha kupeleka maabara.

Kipindi cha joto

Hapa ndipo mafuta yanapofanya kazi nzuri kuliko mahali pengine popote. Kumeng'enya mafuta huzalisha joto dogo mwilini kuliko kumeng'enya wanga au protini. Kuku wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa mwezi wa Februari huhema mchana na kuacha chakula, kwa hiyo kila punje anayokula inafaa ibebe nishati zaidi. Tumia asilimia 4, lisha alfajiri na baada ya jua kushuka, na ondoa chakula saa za joto kali. Maji ya baridi yasikosekane. Methionini na lisini hapo ni muhimu kuliko kuongeza mashudu, maana protini nyingi inazidisha joto.

Yanayoharibika na sababu zake

Vifaranga wa wiki mbili hadi nne wanaanguka, shingo imejikunja, miguu inapiga kasia wakiwa wamelala ubavu: fikiria upungufu wa vitamini E, unaoletwa na mafuta yaliyochacha au mafuta mengi ya alizeti na soya bila vitamini E ya kutosha. Premiksi iwe inatoa angalau yuniti 30 za vitamini E kwa kilo ya chakula. Ondoa chakula hicho mara moja, wape vitamini E na seleniamu kwenye maji, na umwite daktari wa mifugo, kwa sababu mdondo (ugonjwa wa Newcastle) pia hupindisha shingo. Mdondo huja na kuhema kwa shida, mharo wa kijani na vifo vinavyopanda haraka.

Maranda yanateleza na kung'aa, mharo una utando: mafuta yamezidi, au umewapa vifaranga mawese mapema, au kalsiamu imezidi. Punguza mafuta hadi asilimia 2 kwa siku nne, na ubadilishe maranda yaliyoloa kabla ya amonia kuwachoma macho.

Kuku wanachagua chakula na kuacha unga chini ya chombo: mchanganyo haukushikana sawasawa, au mahindi yamesagwa makubwa mno.

Ngozi inachanika wakati wa kunyonyoa, na mafuta ya kuku aliyechinjwa ni laini, yanatiririka hata kabla ya kuwekwa kwenye friji: alizeti au soya imetumika mpaka siku ya mwisho. Mafuta anayokula kuku ndiyo anayoyajenga mwilini. Wiki ya mwisho badilisha nusu au yote kwa mawese, na mafuta yataimarika. Ni muhimu zaidi kwa anayeuza kuku wa kugandishwa, kwa sababu mafuta laini huchacha hata ndani ya friza.

Mafuta ya tumboni yapime siku ya kuchinja. Kuku wa kilo 2 akiwa na gramu 30 hadi 50 yuko sawa. Zaidi ya 60 kwa kuku wengi, rudi kwenye uwiano.

Soya nzima iliyokaangwa badala ya mafuta ya dumu

Kwa wengi hii ndiyo njia bora, na inastahili kutumika zaidi ya inavyotumika sasa. Punje ya soya ina mafuta asilimia 18 hadi 20 na protini karibu 37, na mafuta yake hayachachi upesi yakiwa bado ndani ya punje. Fomula ya kilo 100 inakuwa: mahindi 60.6, soya nzima iliyokaangwa na kusagwa 20, mashudu ya soya 12.7, dagaa 3, na yale madini na viongeza kilo 3.7 kama mwanzo. Nishati ni takriban 3,050 na protini 19.8 bila tone la mafuta kununuliwa.

Soya mbichi ni hatari: ina kitu kinachozuia kimeng'enya cha kuvunja protini, na kuku hudumaa huku anakula. Kaanga kwa moto wa wastani ukikoroga bila kuacha, mpaka punje zigeuke rangi ya dhahabu, ganda litoke kwa kusugua na ladha ya maharage mabichi iishe. Zikiwa kahawia nyeusi umeichoma lisini. Saga laini, na usage ya wiki moja tu, kwa kuwa ikisha kusagwa mafuta yake yako wazi kwa hewa.

Je, yanalipa?

Kwa nishati tupu, kilo ya mafuta ni sawa na kilo 2.6 za mahindi. Kwetu bei ya mafuta kwa kawaida iko juu zaidi ya hapo, kwa hiyo faida itafutwe kwenye chakula kinachookolewa. Chukua kuku ambaye angekula kilo 2 za chakula cha kumalizia kisicho na mafuta, chenye nishati 2,876. Akipewa chenye asilimia 4 atahitaji kilo 1.86 kupata nishati ileile. Umeokoa gramu 140 za chakula, na umetumia gramu 74 za mafuta mahali pa mahindi. Kutokana na hapo unapata kanuni: bei ya juu kabisa ya kilo ya mafuta ni bei ya kilo ya mahindi ukijumlisha mara 1.9 ya bei ya kilo ya chakula. Kwa mfano wa hesabu tu, mahindi yakiwa shilingi 800 na chakula 1,500, mafuta yasizidi shilingi 3,650 kwa kilo, sawa na takriban 3,350 kwa lita. Juu ya hapo, yaache kwa msimu wa joto, au tumia soya nzima.